Mlango wa Bingwa

Kama wewe ni karani wa ofisi yoyote pale Homa Bay, na siku moja ukamwona mtu amesimamisha kiti cha magurudumu nje ya mlango wako, ana fimbo magotini na hata hajakusalimia, jua umepatikana. Atainua ile fimbo ailaze mlangoni mwako, upande hadi upande. Fimbo ikipita, ataingia na kukusalimia vizuri, aulize habari za watoto na za mvua. Fimbo ikikwama, hataingia. Atakaa hapo hapo juani, na wewe ndiye utakayetoka.

Huyo ndiye Bingwa. Tunamwita hivyo kuanzia stendi ya Homa Bay hadi soko la Ndhiwa. Jina alilobatizwa nalo nalijua, lakini ukimwita nalo haitiki, basi la nini? Mwaka aliozaliwa na jinsi polio ilivyomchukua miguu, hayo waulize wengine. Mimi ni fundi wa kuchomelea, kibanda changu kiko Ndhiwa kando ya soko, na kwa miaka mingi kazi yangu kwake imekuwa kuangalia viti vyake visimwangushe. Ana viwili. Kimoja ni cha kila siku. Kingine ni cha mbio, kirefu, gurudumu dogo mbele na makubwa mawili nyuma, nacho nimekichomelea mara nyingi hadi nikikiona nashangaa kama bado kuna chuma chochote cha kiwandani kilichobaki.

Ile fimbo ni ya siala, mti tunaotumia kwa nguzo za nyumba. Aliikata kwa upana wa kiti chake cha kila siku, akaongeza nafasi ya vifundo vya vidole, kwa sababu mlango mwembamba huanza kwa kula ngozi ya vidole. Nilimwambia siku moja, "Bingwa, si utumie utepe wa kupimia kama watu wengine?" Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Utepe unahitaji mtu ajue kusoma namba na akubali kuziamini," akasema. "Fimbo ikigonga ukuta, kila mtu anasikia."

Nilikuwepo siku afisa mmoja alipokataa kutoka. Nilikuwa nimempeleka Bingwa mjini na kiti kilichotoka kutengenezwa, basi nikasimama pembeni kutazama sinema. Afisa alituma askari wa mlangoni aje kuchukua shida yake kwa mdomo. Bingwa akamwambia askari, "Shida yangu ni mlango. Unaweza kuubeba ukampelekea?" Watu wakacheka. Kina mama waliokuwa wakingoja ndani wakatoka mmoja mmoja kuona kuna nini, na wakishatoka hawakurudi. Wakapanga foleni nyuma ya kiti chake, juani. Mwishowe ndani alibaki afisa peke yake na feni. Akatoka, jamani, tena na kiti chake mwenyewe mkononi, akakaa nje akahudumia watu mpaka saa ya chakula.

Ule mlango ulipanuliwa baadaye, na rampu ikawekwa. Mimi nilidhani Bingwa atashukuru. Aliingia, akageuka huku na huku, akauliza choo kiko wapi.

Ndivyo alivyo. Asante yake huipati kwa urahisi, na pole yako haitaki. Ukimwambia pole atakujibu, "Pole peleka matangani, huku kuna kazi." Ukishika vishikio vya nyuma vya kiti chake bila kuulizwa, utasikia: "Wacha! Mimi si mkokoteni." Vishikio vyenyewe aliniambia nivikate. Nilivikata, na baada ya mwaka akarudi kuniambia nivirudishe, kwa kuwa watu waliokosa vishikio walianza kumshika mabegani.

Kuhusu mbio, mengi mnayoyasikia yametiwa chumvi, na waliotia ni sisi wenyewe. Hakuwahi kupanda ndege. Alishinda Homa Bay, alishinda Kisumu, Nairobi alikuwa wa pili. Alikuwa akifanya mazoezi kwenye lami ya kutoka mjini kwenda Rongo, kabla malori hayajaamka, mikononi amevaa glavu alizojishonea kwa tyubu kuukuu za pikipiki. Ukikutana naye saa hizo humwoni uso, kwa vile ameinama. Unaona mgongo tu na viwiko viwili vikipanda na kushuka.

Lakini mbio ninazozikumbuka mimi ni zile za Migori alizokuwa wa mwisho. Beringi ilipasuka katikati ya njia. Si kazi yangu iliyoharibika, naomba hilo lieleweke, nilikochomelea kulishika. Gurudumu moja likawa linaburuzika. Wenzake wakamaliza, wakanywa soda, wakapewa medali, mgeni wa heshima akahutubu na kuondoka. Sisi tulikuwa tunakunja hema tulipomwona anakuja, anasukuma upande mmoja zaidi ya mwingine ili kiti kisigeuke mtaroni, kifua kizima kimelowa. Alifika pale palipokuwa na utepe wa kumalizia, akasimama hatua chache kabla. "Uko wapi?" akauliza. Tukamwambia mbio zimeisha, Bingwa. "Zimeisha kwa nani? Ufungeni." Tukautafuta, tukaukuta umetumika kufunga viti vya plastiki. Tukaufungua, mimi nikashika upande mmoja na dereva wa lori la hema upande mwingine, naye akapita akaukata kwa kifua. Kisha akalala juu ya magoti yake, na kwa mara ya kwanza nikamwona analia. Nilitazama kando. Mtu kama yule hutaki ajue umemwona.

Magunga, kule karibu na mbuga ya Ruma, bado wanamtaja, na si wote wanamtaja kwa wema. Alisikia kuna mama amemficha binti yake asiyetembea. Akapanda boda boda, kiti kikafuata kwenye boda ya pili, akafika kwa yule mama na kubisha hodi. Mama akasema hapa hakuna mtoto kama huyo. Bingwa akasema sawa, basi nipe maji. Akanywa polepole. Akaomba kivuli. Akafungua ugali na omena aliyobeba kwenye mfuko, akala tonge kwa tonge, na kila alipomaliza moja anatazama nyumba. Jua likahama, yeye akahama na kivuli. Alasiri mama akachoka, akaingia ndani, akatoka na binti mgongoni, msichana mkubwa wa kwenda shule. "Sasa umeona. Umefurahi?" mama akasema huku akilia. Bingwa hakumbembeleza. "Sijafurahi. Shule inafungua Jumatatu." Msichana alienda shule. Yule mama, nasikia, mpaka leo akimwona Bingwa anavuka barabara.

Nilimwambia kwamba alikuwa mkali mno kwa mama maskini. Akasema, "Mimi pia nilifichwa, fundi. Wageni wakija nasukumwa jikoni pamoja na kuku. Niliijua sauti ya kila mgeni lakini sura sikuijua." Hilo alilisema siku moja tu, akasonga mbele na habari za tairi.

Sasa nikwambie kitu ambacho kwa miaka mingi kilinishinda kuelewa. Mtu huyu aliyewatoa maafisa ofisini, kwao alikuwa kimya kama maji ya mtungini.

Kwao ni hapa Ndhiwa, juu ya kilima kidogo, si mbali na kibanda changu. Yeye ndiye mtoto wa kwanza wa kiume. Na kwetu Wajaluo mtoto wa kwanza si cheo cha mdomo. Kijana akibaleghe hujengewa simba, kijumba chake ndani ya boma la baba. Akikua na kuoa, siku moja asubuhi anatoka pale na shoka mkononi, mke amebeba moto, jogoo naye yupo, na baba au baba mdogo anawatangulia mpaka kwenye ardhi mpya na kusema, hapa ndipo dala lako, boma lako mwenyewe. Ndipo mtu anakuwa mtu. Na mdogo hatoki kabla ya mkubwa. Mdogo akitoka kwanza, tunasema amemruka kaka yake, na huko ndiko chira inakotoka, balaa lile linalokausha watoto na mifugo bila ugonjwa wa kuonekana. Wengine wanasema hawaamini chira. Wanasema hivyo mchana.

Baba yao alikufa mapema, kwa hiyo neno lilikuwa la baba mdogo. Na neno la baba mdogo lilikuwa hili: "Nani amewahi kuona mtu akiingia dala jipya kwa magurudumu? Nyayo zake zitakuwa zipi?" Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Alimnunulia Bingwa shuka na blanketi, alimtembelea hospitalini. Lakini kichwani mwake yule alikuwa mtoto, na mtoto harukwi, kwa sababu hayuko kwenye mstari. Basi mdogo wake akaoa, akapewa shoka, akatoka. Wakachinja. Bingwa alikuwepo, alikula nyama.

Aliwahi kuwa na mke. Mwanamke wa upande wa Migori, mrefu, mcheshi, muuza nguo za mitumba, aliyekutana naye kwenye mbio na kumfuata mwenyewe. Wakaishi kwenye ile simba. Kila msimu ulipoanza mwanamke aliuliza, tunatoka lini? Kila msimu baba mdogo alisema, tuangalie baada ya mavuno. Mavuno yalikuja na kwenda. Mwisho akafunga mzigo wake, akapita hapa kibandani kuniaga. "Fundi, mimi ninampenda," akasema, "lakini siwezi kuzeeka kwenye nyumba ya kijana." Nilimsindikiza hadi barabarani. Sikupata la kumlaumu.

Kitu kinachonikera zaidi ni mbegu. Mama yao naye alishakufa, na mila inasema kabla mkubwa hajatia mbegu ardhini, wadogo hawapandi. Kwa hiyo kila mvua za kwanza zikinyesha, mdogo wake anapanda pikipiki yake nyekundu hadi Homa Bay anakoishi Bingwa siku hizi, anamchukua, kiti kinafuata kwa boda, anamleta shambani. Wanamweka kwenye udongo uliolimwa, anapewa mahindi kiganjani, anadondosha punje chache kati ya miguu yake. Basi. Wanatawanyika kupanda, wanamwacha hapo, magurudumu yamezama, mpaka mtu akumbuke. Kwenye kupanda yeye ni mkubwa wa nyumba. Kwenye kujenga walimsahau.

"Kwa nini hupeleki ile fimbo yako kwa baba mdogo?" nilimuuliza siku moja, hasira zimenipanda kwa niaba yake. Alikuwa akitazama cheche za mashine, jambo ambalo nimemkataza mara mia. Akasema, "Karani nikimkosea, atanifukuza ofisini. Ofisi ziko nyingi. Baba mdogo nikimkosea, nitazikwa wapi?"

Halafu mvua kubwa zikaja, simba ikaanguka. Ilikuwa imezeeka tayari, ukuta mmoja ukalala, paa likafuata. Mtu mzima halali nyumba ya mama yake, hata mama akiwa hayupo, na kwenye nyumba ya mdogo wake aliyemruka halali kabisa. Kwa hiyo tangu simba ianguke Bingwa hajalala kwao hata siku moja. Anakuja, anadondosha mbegu, anarudi mjini kwenye chumba chake cha kupanga.

Miaka hii miwili amepungua. Figo zinamsumbua, na ana vidonda vya kukaa vinavyofunga na kufunguka. Mimi nililijua kabla hajaniambia. Kwenye gurudumu la kiti kuna pete ya chuma ambayo mtu anaisukuma kwa mikono. Pete zake zilikuwa zikimetameta siku zote kwa kusuguliwa, kila mara nampa mpya zikiisha. Juzi aliponiletea kiti, niliona pete zimeanza kushika kutu. Nilizipiga msasa, nikapaka rangi. Kiti cha mbio kimetundikwa kwangu, hajakiulizia.

Kabla ya mvua za mwaka huu mdogo wake alisimamisha ile pikipiki nyekundu nje ya kibanda. Akataka mlango wa chuma na fremu yake.

"Saizi gani?"

"Ya kawaida tu."

"Nyumba ya nani? Si yako ina milango?"

"Fundi, wewe chomelea. Nyumba ni nyumba."

Nikachomelea. Nikaupaka rangi ya kijani. Nikakodi pikapu na mwenyewe, na bila kumpigia simu nikaupeleka, kwa sababu nilikuwa napita njia hiyo. Kumbe ndiyo siku ya mbegu.

Bingwa alikuwa pale shambani, magurudumu yamezama, ameshaachwa. Mdogo wake alipoona pikapu inaingia alikuja mbio akinipungia mkono nirudi. Mimi nikadhani ananionyesha pa kugeuzia. Tukazunguka nyuma ya nyumba yake, na huko nikaona mabati mapya yamefunikwa turubai, nguzo za siala zimepangwa, na mifuko ya saruji juu ya mawe. Vifaa vya nyumba nzima, tena vya nyumba ndogo.

"Fundi!" Bingwa aliita. "Mlango wa nani huo?"

Nilimtazama mdogo wake. Yeye akatazama chini. Mimi bado nilikuwa sijaelewa, lakini Bingwa alikuwa ameshaelewa, niliona kwa namna alivyoikamata fimbo. Kisha akasema neno ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

"Nisukume."

Nikamtoa kwenye udongo, nikamsukuma hadi pale nyuma. Akainua turubai kwa fimbo. Akayatazama mabati.

Walizungumza Dholuo, na sikuongeza langu. Mdogo wake alisema, "Kaka, usikasirike. Wazee wamesema mtu mwenye mvi hawezi kuzikwa bila nyumba. Na siku hiyo huwa ni haraka, watu wanajenga usiku, vitu vinakuwa ghali, inakuwa aibu. Nikasema nijitayarishe. Sikutaka ulale vibaya."

"Kwa hiyo vifaa vipo."

"Vipo."

"Basi jengeni sasa."

"Baba mdogo hajakubali."

"Na siku hiyo atakubali?"

Mdogo wake akafuta uso kwa mkono wenye udongo. "Siku hiyo hakuna wa kukataa."

Bingwa akalishusha turubai. Kisha akajisogeza mwenyewe hadi kwenye ule mlango, mimi na mwenye pikapu tumeushika wima, akailaza fimbo kwenye fremu. Ikagonga chuma. Akaigeuza, akajaribu tena, kama vile anaweza kuwa amekosea. Ikagonga.

"Fundi," akasema, "mimi hapa sipiti."

Aliyejibu ni mdogo wake, kwa upole kabisa, sauti ya mtu anayetaka kusaidia.

"Lakini kaka, siku hiyo hutakuwa kwenye kiti."

Huko shambani wanawake wa boma walikuwa wakiimba wakipanda. Nilitamani kumpiga yule kijana, na nilipomtazama nikaona machozi yanamtoka, anaogopa, hajui amesema nini, na mkono wangu ukalegea. Bingwa alifungua kiganja chake. Kilikuwa bado na punje za mahindi, zimemshika kwa jasho. Akazimimina kwenye mfuko wa shati.

"Rudisha, fundi," akasema. "Uupanue. Mimi nikiwepo, nisiwepo, kiti changu kitapita."

Njiani kurudi Homa Bay nilimbeba mbele kwenye pikapu, mlango nyuma ukigongagonga. Nilipomshusha alitafuta mkono wangu akaushika kwa muda. "Asante," akasema. Afadhali angenitukana.

Mlango niliupanua. Nilikata fremu, nikaongeza chuma, nikaweka bawaba nzito, nikauzidisha kidogo upana wa ile fimbo, vifundo vipite bila kugusa chuma. Umeegemea ukuta wa kibanda changu tangu hapo. Bingwa hunipigia simu Jumapili baada ya ibada, sauti inazidi kuwa ndogo. "Mlango uko?" Namwambia uko. "Wamekuja kuuchukua?" Namwambia bado. Kisha anaulizia watoto wangu.

Mdogo wake anaweza kuja kuuchukua kwa sababu baba mdogo amelegea, wanajenga, na Bingwa ataingia mwenyewe akisukuma kwa mikono yake. Anaweza pia kuja kwa sababu ile nyingine. Mlango ni ule ule. Nikisikia pikipiki imesimama nje nazima mashine, nainua kioo cha uso, natoka kuangalia kama ni nyekundu. Nikiona si yeye, narudi kazini.